Dalali akifika kijijini: namna ya kubaki na ardhi, njia na maji yenu

Mwezi uliopita wifi yangu alinipigia simu kutoka Makangale, kaskazini ya Pemba. Dalali amefika na gari, amekaribishwa barazani, amekunywa dafu lake, halafu akauliza ile minazi ya marehemu baba yao, iliyo upande wa pwani, wanaiachia kwa kiasi gani. "Nyinyi wa Jambiani mmeshapita huku," akaniambia. "Nieleze nifanye nini." Tulizungumza mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi, na langu likaisha. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale niliyoyakumbuka usiku nilipolala.

Mimi ni wa Jambiani Kikadini, pwani ya mashariki ya Unguja. Nilianza kufunga mwani kwenye kamba baharini mwaka 1990, mwaka mmoja tu baada ya kilimo hicho kuanza kwetu na kwa jirani zetu wa Paje, na nikaendelea nacho zaidi ya miaka 20. Leo nina nyumba ya wageni ya vyumba vinne. Kiwanja ni cha mama yangu, hakijauzwa. Kwa upande wa baba waliuza. Kwa hiyo njia zote mbili nimeziona zinakoishia.

Tambueni kwanza mmefika wapi

Mambo haya hayaji kwa siku moja, na kila wakati una kazi yake. Wageni wa mwanzo ni wa mkoba mgongoni. Wanalala kwenye chumba cha mwanao, wanakula wali na mchuzi wa papa mnaokula nyinyi, wanaondoka wanalia. Hapo hakuna anayejenga ukuta. Kwetu ilikuwa hivyo miaka ya mwanzo ya 90. Wakati huo kila mtu anafurahi, na kwa sababu anafurahi haandiki kitu. Laiti ningerudishwa nyuma, huo ndio mwaka ningeutumia kuandika: nani ana kiwanja gani, mpaka wake ni mti upi, njia inapita wapi.

Baadaye inakuja lami, unakuja umeme, na mtu wa nje anakodi kipande kimoja kwa heshima kubwa. Baada yake wanakuja madalali. Baada ya madalali unakuja uzio.

Lakini mimi nina vipimo vyangu viwili ambavyo havijanidanganya.

Cha kwanza ni pweza. Zamani bamvua likifika, siku ambazo maji hujaa sana na kutoka mbali sana, tulishuka wanawake na watoto kuchokoa pweza miambani, na mvuvi akirudi mnada unafanyika pale pale mchangani, kila mtu anasikia bei. Siku utakapoona pweza anapimwa kwenye mizani ya mtu wa hoteli kabla hajafika mnadani, jua kijiji kimegeuka. Mvuvi anapata zaidi, na hilo ni jema, simwonei choyo. Ila mama asiye na mume mvuvi na asiye na mtoto hotelini hatamla tena pweza wa pwani yake ila siku ya sikukuu.

Cha pili ni mashimo ya makumbi. Bibi zetu walikuwa wanazika makumbi ya nazi ufukweni, wanayafunika kwa mawe, maji yanapanda na kushuka juu yake miezi na miezi, halafu wanayafukua na kuyapiga mpaka usumba utoke, wasokote kamba. Yakifukuliwa yananuka, sitaki kusema uongo. Hoteli ya kwanza ikijengwa mbele ya mashimo hayo, mgeni atalalamika juu ya harufu, meneja atakuja kwa adabu kuomba myahamishe. Hapo ndipo mnapoulizwa kwa mara ya kwanza pwani ni ya nani. Sisi tulihamisha. Hatukuomba chochote, hatukuandikiana chochote, na waliokuja baada ya huyo hawakutuomba tena.

Minazi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza.

Kwa sheria ya Zanzibar ardhi ni mali ya umma. Mzanzibari anapewa haki ya kuitumia, na mgeni wa nchi ya nje haimiliki, anakodishwa. Lakini kwa mila zetu mti una mwenyewe. Mnazi unarithiwa, unawekwa rehani, unauzwa, hata kama ardhi iliyo chini yake haiuzwi. Ndiyo maana dalali hakuulizi bei ya ardhi. Anauliza bei ya minazi. Unadhani umeuza nazi, na kwa wale wanaokujia na karatasi, umeuza kila kilichosimama kati ya mnazi wa kwanza na wa mwisho, na bahari iliyo mbele yake.

Baba yangu mdogo aliuza minazi 17 mwaka 1998. Kwa fedha za wakati ule zilikuwa nyingi. Aliezeka nyumba kwa bati, akanunua Vespa, akaoza binti wawili. Hakuzichezea, alizitumia kama mzazi anavyopaswa. Lakini mwaka uliofuata hazikuwepo, na minazi haikuwepo. Leo pale pana hoteli yenye bwawa la kuogelea, na mjukuu wake analinda lango usiku. Kila nikipita namwamkia mtoto yule, na roho inaniuma.

Kwa hiyo, kabla hujataja bei, fanya haya. Hesabu miti. Nenda na mtu mzima anayejua mipaka, na kijana mwenye simu, mpige picha kila mti wa mpakani, muandike: mnazi uliopinda, jiwe la tanuri ya chokaa, mkadi wa kwa Bi fulani. Wazee wanaojua mipaka hiyo ni wachache na wanapungua.

Kisha warithi. Asilimia kubwa ya minazi ya pwani ni ya watu waliokwisha kufa, na mirathi haijagawanywa. Anayekaa karibu anajiona ndiye mwenyewe. Kaeni wote, pamoja na wanawake, kwa sababu binti ana fungu lake na mara nyingi ndiye anayesahaulika akiwa ameolewa kijiji kingine. Nendeni kwa kadhi mpate hesabu ya mafungu kwa maandishi. Karatasi hiyo ina faida mbili. Inazuia mmoja wenu kuuza usiku, na inampa kila mmoja wenu sababu ya kweli ya kumwambia dalali subiri.

Halafu fikirieni kukodisha badala ya kuuza. Hapa nasema kwa nguvu zangu zote: kodisheni. Mama yangu alikodisha kipande cha kusini cha kiwanja chake kwa miaka 10 tu, kwa mwanamke aliyetaka kufungua mkahawa. Miaka ilipokwisha bei ya pwani ilikuwa imepanda mara nyingi, tukakaa mezani upya. Angekodisha kwa miaka 33 au zaidi kwa bei ileile, mimi ningezeeka nikisubiri. Kwenye mkataba tafuta majibu ya maswali haya: kodi inapanda kila baada ya miaka mingapi na kwa kiasi gani? Majengo yatakuwa ya nani muda ukiisha? Akimkodisha mtu mwingine katikati, ni lazima akuulize? Maji atachimba wapi? Choo kitaelekea wapi? Njia itabaki na upana gani? Mkataba uwe kwa Kiswahili, na kama upo wa lugha nyingine pia, iandikwe humo kwamba wa Kiswahili ndio unaofuatwa. Ajirini wakili wenu wenyewe. Wakili anayeletwa na dalali ni wa dalali, hata kama ni mtu mwema na anasali safu ya mbele.

Saini ya sheha, kiongozi wa shehia yenu, peke yake haimalizi jambo. Uhaulishaji wa ardhi, yaani kuihamisha kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine, unapita kwenye Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, na mgogoro una Mahakama ya Ardhi. Wengi wetu hatukujua hivyo vyombo vipo mpaka tulipokuwa tumeshachelewa. Mtu akikwambia "hakuna haja ya kwenda mjini, tumalizane hapa", hiyo ndiyo siku ya kupanda gari kwenda mjini.

Njia ya kushukia pwani

Mwani mbichi ni mzito. Gunia moja lililotoka majini linakukandamiza shingo mpaka unaona nyota, na unahitaji kilo saba au nane za mbichi upate kilo moja kavu. Sasa fikiria umezoea kupanda kwa njia moja, hatua mia mbili mpaka uwanjani kwako, na asubuhi moja unakuta ukuta. Mwenye hoteli ametoka nchi ya mbali, hakujua kama pale ni njia, kwa macho yake ni mchanga tu kati ya minazi. Hakuna aliyemwonyesha. Tulizunguka mwaka mzima na magunia kichwani, karibu nusu saa ya ziada, na wazee wawili miongoni mwetu waliacha mwani kwa sababu hiyo tu. Baadaye njia ilifunguliwa, nyembamba, unapita mtu mmoja kwa ubavu. Gari la ng'ombe halipiti. Jeneza linapita kwa shida.

Wekeni alama njia zenu sasa, kabla ya mwekezaji. Pimeni upana kwa gari la ng'ombe, si kwa mtu. Pangeni mawe pande zote mbili, yapakeni chokaa, kila mwaka baada ya masika yapakwe tena. Sheha aziandike, na nakala ibaki msikitini na skuli. Fanyeni hivyo kwa visima, kwa madago, zile kambi za wavuvi, na kwa makaburi, maana makaburi ya pwani hayana ukuta, na mtu asiyejua ataona vijiwe tu.

Na kuna mita 30. Zanzibar haliruhusiwi jengo la kudumu ndani ya mita 30 kutoka maji yanapofika yakijaa. Mkipata mwekezaji, nendeni naye siku ya bamvua maji yamejaa, mfunge kitambaa kwenye mti, mpime kwa kamba mbele yake. Asipimiwe maji yakiwa yametoka, kwa sababu pwani yetu maji hutoka mbali sana na kila mtu anaonekana yuko nje ya mita 30. Faida yake si ya mgeni wala ya mwenyeji peke yake: bahari ikikutana na ukuta inachimba mchanga wa jirani. Nendeni mkaangalie sehemu zenye kuta na sehemu zenye mikadi na mivinje, mtaona wenyewe mchanga umebaki wapi.

Maji ya kunywa

Chini ya mawe yetu maji matamu yamelala juu ya maji ya chumvi. Kisima cha ndoo na kamba kinachota ya juu. Pampu ya hoteli yenye vyumba 60, bustani ya nyasi na bwawa inavuta mpaka ya chini yanapanda. Mkinywa chai mkaona ina chumvi kama ya kuchovya muhogo, msinyamaze, mmekaribia kuchelewa. Kuweni na mtu mmoja, mwalimu wa skuli anafaa, wa kuonja na kuandika kila mwezi kisima kipi kimebadilika. Na karo za vyoo zisiwe mashimo yaliyochimbwa tu kwenye mawe, kwa kuwa mawe yetu yana matundu kama sponji, na kinachoingia leo choo cha juu kinatoka kesho pale watoto wanapookota chaza.

Bahari yenyewe: mwani na kaiti

Paje ina ziwa la maji mafupi lililozuiwa na mwamba, na upepo wa kusi na wa kaskazi unaovuma moja kwa moja. Kwa hiyo vijana wa Ulaya walileta kaiti, yale matiara makubwa yanayomvuta mtu juu ya ubao. Nilipoyaona mara ya kwanza nilisema mashaallah, anga imechanua. Siku ya tatu tiara liliangukia shamba la dada mmoja, likang'oa kamba zake sita na mwani uliobaki wiki moja kuvunwa.

Watu huzungumza kama kwamba wanawake wa mwani na watu wa kaiti hawawezi kukaa bahari moja. Wanaweza. Sisi tunashuka maji yakitoka, wao wanahitaji maji yakijaa. Saa hazigongani sana. Vinavyogongana ni mambo, vile vigingi vinavyoweza kumchoma mtu mguu, na kamba, na mahali pa kurushia tiara. Dawa yake ni maboya ya rangi pembeni mwa mashamba, na ukanda mmoja uliokubaliwa wa kutokea na kurudia. Mkubaliane mapema, wakati skuli ya kaiti ni moja. Zikiwa kumi na mbili hamtajua mzungumze na nani, na kila mmoja atasema aliyevunja ni mwenzake. Na gharama ya maboya ilipwe na wao.

Lakini lazima niseme na upande wa pili. Mwani hatukuuacha kwa sababu ya kaiti peke yake. Aina ya kotoni, ile yenye bei nzuri, ilianza kutufia kwenye maji mafupi bahari ilipozidi joto. Tulibaki na spinosamu, aina ya bei ya chini, na kuna miaka nimeuza kilo kavu kwa shilingi 400. Siku 45 za kusubiri, mgongo, jua, kwa shilingi 400. Binti yangu alikataa kushuka, na sikuwa na la kumwambia. Leo mwani unasagwa, unatiwa kwenye sabuni na mafuta ya nazi, na sabuni hiyo inauzwa kwa wageni kwa bei ambayo mfungaji wa mwani haiamini. Wifi, kama Makangale wanafunga mwani, jifunzeni sabuni kabla wageni hawajajaa. Akija mgeni akute chapa yenu tayari.

Kisha ukaja 2020. Mwezi wa Machi ndege zilisita, na mnamo wiki mbili pwani yote ilikuwa tupu kama nilivyoikuta utotoni. Vijana waliokuwa wahudumu na madereva walirudi nyumbani bila mshahara. Waliokuwa na ngalawa walikula. Waliokuwa bado na kamba za mwani walishuka. Mimi nilikuwa nimeziweka kamba zangu darini, nikazishusha, nikafunga tena nikiwa na miaka zaidi ya 50, na spinosamu ile ile niliyoilalamikia ikanilipia umeme. Baadaye wageni walirudi kwa kishindo: mwaka 2019 Zanzibar ilipokea zaidi ya laki 5, na 2024 wakapita laki 7. Hata hivyo kamba zangu hazirudi darini. Kila bamvua mmoja wa nyumba yangu anashuka.

Ukiamua kupokea wageni mwenyewe

Anza na vyumba viwili. Usijenge vinne kwa mkopo kama nilivyofanya, nililipa miaka saba. Fedha za kwanza ziende kwenye tangi la maji, karo, chandarua kisicho na tundu na choo kisafi. Picha za ukutani baadaye. Kata leseni, kwa sababu usipokata kila anayepita ana haki ya kukutisha. Kwenye mitandao ya kuuzia vyumba kama Booking, hesabu kamisheni yao ndani ya bei tangu siku ya kwanza. Nusu ya faida ya Agosti na ya Desemba mpaka Februari ifungie mahali usipoiona, maana Aprili na Mei mvua inanyesha na hakuna mtu. Pika unachokijua. Wageni wangu wanaomba boko boko na pweza wa nazi, hawajaniomba piza hata siku moja.

Kuhusu mavazi: mwambie mgeni anapofika, kwa upole, akiwa amekaa na kikombe cha chai. "Ufukweni vaa utakavyo, ukipita kijijini kwetu jifunike mabega na magoti." Ninamwambia kila mgeni, na hawachukii. Wanaochukia ni wale ambao hakuna aliyewaambia, wakaja kuzomewa na watoto njiani.

Watoto ndio kazi ndefu. Usimwache wa kiume akae ufukweni kuwa papasi, wa kuwafuatafuata wageni, kwa sababu tu anajua maneno hamsini ya Kitaliano. Anapata fedha za haraka, na akifika miaka 30 hana cheti na hana ngalawa. Wangu nilimpeleka chuo cha utalii cha Maruhubi. Kazi za juu hotelini zilikuwa zinachukuliwa na watu wa bara na wa Kenya, na vijana wetu walilalamika kwamba wanabaguliwa. Baadhi ya malalamiko yalikuwa ya kweli. Lakini wenzao walikuja na vyeti na Kiingereza cha skuli, na sisi tulikuwa hatujasoma. Kwenye mkataba wa ardhi mnaweza kudai nafasi za mafunzo kwa watoto wa shehia, zikiwa na idadi. Neno "kuwasaidia wenyeji" bila idadi halimlipii mtoto ada.

Wifi amenipigia tena juzi. Amehesabu: minazi 41, miwili imekatika kilele. Kadhi amewapa tarehe. Mpaka wa kaskazini una ubishi na jirani, nao wamekubaliana watakwenda pamoja Ijumaa baada ya sala, na mzee mmoja mwenye miaka zaidi ya 80 atabebwa kwa pikipiki akaonyeshe. Dalali ameahidi kurudi Jumatatu. Nikamwambia amkaribishe, ampe dafu jingine, amwambie warithi ni 11 na mmoja wao yuko Muscat, anasubiriwa ajibu.